Siku mbili London na watoto, fanya hivi

Kama mna siku mbili tu London usijaribu kuona kila kitu, mtachoka na watoto watalia njiani. Vitu viwili kwa siku, basi. Asubuhi nendeni Natural History Museum pale South Kensington, kuingia ni bure ila weka nafasi mapema mtandaoni, na ukifika ule ukumbi mkubwa angalia juu utaona mifupa ya nyangumi wa bluu, mita 25 hivi, imening'inia mdomo wazi kama anapiga mbizi anakuja kwenu, wangu walilala chali sakafuni kumwangalia nikawaacha tu, hiyo ndo raha yenyewe.

Usafiri sasa. Mtoto chini ya miaka 11 halipi treni ya chini ya ardhi akiwa na mtu mzima, mkubwa mmoja anaweza kuwa na watoto hadi 4. Wewe gusisha kadi ya benki getini, kuingia na kutoka. Basi hazipokei keshi kabisa.

Jioni tembeeni taratibu kando ya mto Thames toka Westminster mpaka Tower Bridge, kama kilomita 4, ukiona mtoto anaburuza miguu kaeni kwenye benchi muangalie boti. Na jamani vaeni viatu mlivyozoea, sio vipya!