Kupanda Ngome ya Rajgad kutoka Pune na Kurudi Siku Hiyohiyo

Rajgad iko kwenye milima ya Sahyadri magharibi mwa India, kilomita zipatazo 60 kutoka jiji la Pune, na kilele chake kinapita mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Shivaji, mwanzilishi wa dola ya Wamaratha katika karne ya 17, aliifanya makao makuu yake kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya kuhamia ngome ya Raigad. Mwaka 2025 UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia pamoja na ngome nyingine 11 za Wamaratha. Walioijenga walikusudia adui achoke, achelewe, kisha alazimike kupita mmoja mmoja. Nawe yatakupata hayohayo, kwa hiyo panga siku yako ukiyatarajia.

1. Chagua msimu

Mwisho wa Oktoba hadi Februari ndio wakati wake. Kuanzia Juni hadi Septemba mvua za monsuni huifunika ngome kwa ukungu, na miamba ya basalti huota mwani mwembamba ambao hata soli nzuri haiushiki. Picha za msimu huo zinavutia sana, lakini mtu wa mara ya kwanza asidanganyike nazo. Aprili na Mei kuna joto kali na vivuli ni haba.

2. Chagua njia ya kupanda na ya kushuka

Njia ya kijiji cha Gunjavane huishia Chor Darwaja, mlango mdogo wa siri. Ni fupi, ina mwinuko mkali wa takriban mita 600, na sehemu ya mwisho ni mwamba wenye vyuma vya kushikilia. Njia ya Pali Darwaja, lililokuwa lango kuu, ni pana na ina ngazi za mawe. Ni rafiki zaidi kwa magoti.

Tunashauri upande kwa Chor Darwaja na ushuke kwa Pali. Kupanda mwamba ni rahisi kuliko kuushuka, kwa sababu unapopanda unaona pa kukanyaga. Tatizo ni kwamba njia hizi huishia vijiji tofauti, na kati yake kuna mwendo mrefu wa barabara. Kama una dereva, mwambie asubuhi ahamishie gari upande wa Pali. Usitegemee kumpigia simu ukiwa juu, maana mtandao hukatika. Kama huna dereva, panda na kushuka kwa Pali.

3. Funga mzigo

Maji lita 3 kwa kila mtu, na 4 kuanzia Machi. Ongeza pakiti mbili za ORS (chumvi za kurudisha maji mwilini), chakula kikavu, tochi ya kichwani hata kama unatarajia kurudi mchana, kofia, bendeji ya kukaza na filimbi. Ngome ina matangi ya maji yaliyochongwa kwenye mwamba, lakini usinywe maji yake kabla ya kuyatibu: weka kidonge cha klorini kulingana na maelezo ya pakiti, usubiri angalau dakika 30. Kila kitu kikae mgongoni. Mfuko wa mkononi ukifika kwenye vyuma utakunyima mkono mmoja.

Usijipulize manukato. Nyuki wakubwa wa miambani hutundika masega yao kwenye majabali ya Sahyadri, na harufu kali au moshi huwachokoza. Wakikuvamia, funika kichwa na uso, ondoka eneo hilo haraka bila kurusharusha mikono, kisha kwangua miiba mara tu unapokuwa salama.

4. Panda

Ondoka Pune saa 10 alfajiri ili uanze kutembea kabla ya saa 1 asubuhi. Mwendo uwe ule unaokuruhusu kuzungumza bila kuhema. Watu wengi huharibu siku yao katika nusu saa ya kwanza: hukimbia kwenye ubaridi wa asubuhi, halafu hufika kwenye mwamba miguu ikitetemeka. Kupanda huchukua muda wa saa mbili hadi mbili na nusu.

Kwenye vyuma, tikisa kabla ya kuegemea. Viungo vitatu viwe vimeshika wakati kimoja kinasogea, na usianze kupanda mpaka aliye mbele amalize, kwani jiwe akiliangusha yeye litakupata wewe. Jumamosi na Jumapili foleni hapa huwa ndefu. Radi ikisikika, achana na vyuma na ukuta wa juu.

5. Juu ya ngome

Chor Darwaja hukutoa kwenye Padmavati, mojawapo ya nyanda tatu zenye kuta ziitwazo machi. Nyingine ni Suvela na Sanjivani, na katikati yake imeinuka Balekilla, ngome ya ndani. Anza na Balekilla, kwa sababu kipande chake cha mwamba ndicho kikali kuliko vyote huku juu na kinataka miguu ambayo haijachoka. Baada yake chagua machi moja tu. Sisi tungechukua Sanjivani, kwa ajili ya kuta zake pacha zinazofuata mgongo wa mlima. Suvela ina Nedhe, tundu kubwa kwenye mwamba. Ukiona masega hapo, geuka kimyakimya.

6. Shuka

Saa 8 mchana uanze kushuka, hata kama hujaona yote. Kabla ya hapo kaza kamba za viatu kwenye kifundo ili vidole visigonge mbele. Kucha zilizopondeka mara nyingi hutokana na kugonga huko. Penye changarawe juu ya udongo mgumu, piga hatua fupi, kunja magoti kidogo na ukanyage kwa unyayo mzima. Ukiegemea nyuma kwa woga, uzito unahamia kisiginoni na kisigino kinateleza.

Mtu akivunjika, mpigie msaada kwa namba 112, na mtandao usiposhika mtume mwenzake kijijini. Majeruhi asiachwe peke yake, kwa hiyo kundi dogo kabisa liwe la watu watatu.