Pakiti ya Chumvi na Njia ya Mlima: Namna ya Kuutunza Moyo Ukiishi Moshi

Anayetaka kuutunza moyo wake aanze kwa kulijua shinikizo lake la damu, kwa sababu presha huuchosha moyo kwa miaka mingi bila kumwonyesha mwenyewe dalili yoyote. Kichwa kinaweza kisimuume, miguu isimvimbe, akapanda kwa miguu kutoka mjini hadi Kibosho, juu mlimani, akiwa na kikapu mkononi, na bado mishipa yake ya damu ikawa inakakamaa siku hadi siku. Mama yangu mkubwa alikuwa mtu wa namna hiyo. Alipewa dawa, akazinywa kwa miezi kadhaa, akajiona mzima, akaziacha, na mwaka uliofuata akapata kiharusi kilichomnyima mkono wa kulia. Kwa ajili yake ninaanza na kipimo kabla ya kuzungumzia chakula.

Kipimo kisichochukuliwa vizuri hudanganya. Kaa nusu saa bila kunywa kahawa, kuvuta sigara wala kufanya kazi ya nguvu, nenda msalani kwanza, kisha keti kwenye kiti chenye egemeo kwa dakika 5, nyayo zikiwa zimetulia sakafuni na mkono ukiwa juu ya meza, usawa wa moyo. Mkanda ufungwe juu ya ngozi na si juu ya sweta, hata kama uko Machame au Marangu katika baridi ya mwezi wa Julai. Usizungumze mashine inapofanya kazi. Pima mara 2, ukiachanisha kwa dakika 1, na uandike namba zote kwenye daftari pamoja na tarehe. Kipimo kilicho chini ya 120 kwa 80 ni kizuri. Kikifika 140 kwa 90 au zaidi, na kikajirudia siku nyingine, nenda kwa daktari hata kama hujisikii ugonjwa wowote. Ukiandikiwa dawa, usiiache kwa sababu presha imeshuka, kwani mara nyingi imeshuka kwa nguvu ya dawa hiyo hiyo.

Baada ya kipimo, ingia jikoni, na kitu cha kwanza kukishika kiwe pakiti ya chumvi. Chumvi huvuta maji na kuyabakiza ndani ya mishipa, damu ikaongezeka ujazo, na moyo ukalazimika kusukuma mzigo mzito zaidi kila unapodunda. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, kiasi ambacho hakijazi vizuri kijiko kimoja cha chai. Hakuna mpishi anayepima gramu akiwa mbele ya sufuria, kwa hiyo ninapendekeza njia nyepesi: siku unapofungua pakiti ya nusu kilo, andika tarehe juu yake kwa kalamu. Kaya ya watu wazima 5 ikiimaliza kwa siku 20, kila mmoja amekula gramu 5 kwa siku kutoka kwenye pakiti hiyo peke yake, kabla hujahesabu chumvi iliyomo ndani ya mkate, achari, tambi za pakiti na vile vidonge vya kuungia mchuzi. Ikiisha kwa wiki mbili, kaya hiyo imevuka mpaka kwa mbali. Punguza kidogo kidogo, pakiti hadi pakiti, ili ulimi uzoee. Ladha ya chakula iongezwe kwa ndimu, kitunguu saumu, tangawizi, hoho na giligilani. Kopo la chumvi liondolewe mezani kabisa. Hata hivyo, chumvi hiyo kidogo unayobaki nayo iwe ile yenye madini joto, kwa sababu huzuia ugonjwa wa rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingoni, na kupunguza chumvi hakupaswi kuwa sababu ya kurudi kwenye chumvi isiyo na madini hayo.

Huku kwetu kuna jambo jingine ambalo miongozo mingi ya moyo hailigusi, nalo ni magadi. Wengi wetu tumelelewa kwa kiburu, yaani ndizi zilizopikwa pamoja na maharage, na makande yaliyoungwa kwa magadi, na anayeyatumia huamini hajatia chumvi nyingi. Magadi nayo ina sodiamu, kwa hiyo mtu aliyeelekezwa na daktari kupunguza sodiamu anapaswa kuihesabu pia. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yale asubuhi, kisha yapike kwa maji mapya. Yataiva mapema na hutahitaji magadi kuyalainisha.

Chakula chenyewe cha mlimani kimejaa vitu vinavyoufaa moyo, na inanisikitisha kuona tunavyovikimbia kwenda kwenye banda la chipsi. Ndizi, maharage, mnafu, mchicha na parachichi vina potasiamu, ambayo hulisaidia shinikizo la damu kushuka, ingawa mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza kwa daktari wake kiasi anachoruhusiwa. Mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, ni mlo mzuri ukipikwa kwa nyama isiyo na mafuta na bila kuongezewa siagi juu. Mafuta ya kupikia yapimwe kwa kijiko badala ya kumiminwa moja kwa moja kutoka kwenye dumu, na yale ya alizeti yanaufaa moyo zaidi kuliko mafuta yanayoganda kama samli. Ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuokwa, na nyama choma viachwe kuwa vyakula vya sherehe, kama vilivyokuwa zamani. Soda na sukari ya kwenye chai vipunguzwe.

Kahawa nayo ina neno lake. Kahawa iliyochemshwa pamoja na unga wake, bila kuchujwa, huacha kikombeni mafuta yanayopandisha lehemu (kolesteroli) katika damu. Anayekunywa vikombe vingi kwa siku aichuje kwa karatasi maalumu, ambayo hunasa sehemu kubwa ya mafuta hayo.

Kuhusu mazoezi, kipimo kinachopendekezwa kwa mtu mzima ni angalau dakika 150 kwa wiki za kazi inayoharakisha pumzi, yaani nusu saa kwa siku 5. Utajua unatembea kwa kasi inayofaa ukiweza kuzungumza na mwenzako lakini usiweze kuimba. Wakazi wa Moshi tuna bahati ya kuwa na mlima: barabara yoyote inayoelekea Uru, Kibosho au Machame hupanda, na dakika 15 za kupanda huushughulisha moyo kuliko muda uleule kwenye tambarare. Shuka kwenye daladala kabla ya kituo chako, au mwache bodaboda aende, umalizie kwa miguu. Kulima kihamba, yaani shamba la nyumbani, kuchota maji na kukata majani ya ng'ombe vyote vinahesabika. Kila mwaka mji hujaa wakimbiaji wa Kilimanjaro Marathon, na ninawapongeza wote, lakini moyo hunufaika zaidi na matembezi ya kila siku kuliko mbio za siku moja. Mwenye maumivu ya kifua au anayekosa pumzi upesi apimwe kwanza kabla ya kuanza kupanda.

Sigara iachwe kabisa. Mwaka mmoja baada ya kuacha, hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo iliyoletwa na tumbaku hupungua kwa takriban nusu. Moshi wa kuni nao huidhuru mishipa, kwa hiyo jiko la mafiga liwe na dirisha au tundu la kutolea moshi. Mbege ni kinywaji cha heshima katika mila zetu, lakini pombe, hata iliyotengenezwa kwa ndizi na ulezi, hupandisha presha inapozidi, na Desemba, ndugu wote wanaporudi nyumbani, huwa tunazidisha.

Kwa wazazi nina ombi moja zito. Mtoto akiumwa koo na kupata homa, mpelekeni kituo cha afya, wala msimalize kwa asali na ndimu peke yake. Maambukizi ya koo ya bakteria yasiyotibiwa yanaweza kuleta homa ya baridi yabisi, ambayo huharibu vali za moyo, na madhara yake huweza kujitokeza mtoto akiwa kijana.

Mwisho, kila mtu nyumbani azijue dalili za hatari: kifua kubana kama kinachokandamizwa, maumivu yanayosambaa kwenye taya, mgongo au mkono, jasho la baridi, pumzi kukatika, na kwa kiharusi, uso kupinda upande mmoja, mkono kulegea, maneno kutotamkika. Wanawake na wenye kisukari wanaweza kuugua moyo bila maumivu makali ya kifua. Mgonjwa asijiendeshee gari wala asisubiri kukuche. Kubalianeni mapema na jirani mwenye gari au dereva anayefika usiku, namba yake iandikwe ukutani kwa herufi kubwa, na daftari la presha liwekwe mahali ambapo hata mtoto anaweza kulichukua, ili liende na mgonjwa hospitalini.