Majilio nyumbani Malindi: shada, pango na meza, hatua kwa hatua

Wifi yangu amehamia Malindi akitokea bara, na juzi tulikaa barazani tukapanga Majilio yake ya kwanza ya pwani, yaani zile Jumapili nne za kungoja Krismasi. Maswali yake yalikuwa mengi, na mengine niliwahi kuulizwa na akina mama wa jumuiya yetu, kwa hivyo nimeona niyaandike yote mahali pamoja.

Nianze na sababu ya Majilio kuwa na uzito nyumbani kwetu kuliko hata tarehe 25 yenyewe. Mume wangu ni mpishi hotelini. Desemba kaskazi inavuma, wageni wanajaa, na mpishi hapewi ruhusa wiki hiyo. Watoto wangu wamekua wakijua kwamba siku ya Krismasi baba anawapikia watu wengine. Basi sikukuu yetu tumeitandaza katika wiki nne, robo saa kila jioni ambayo yupo. Kama nyumbani kwako kuna mtu wa hoteli, wa baharini au wa zamu za usiku, utaratibu huu utakufaa.

Hatua ya 1: Tarehe

Majilio huanza Jumapili iliyo karibu zaidi na 30 Novemba. Mwaka 2026 ni tarehe 29 Novemba. Urefu wake haulingani kila mwaka: 2022 Krismasi iliangukia Jumapili, tukapata siku 28 kamili, 2023 iliangukia Jumatatu, na Jumapili ya nne ikawa ni tarehe 24 yenyewe, tukabaki na siku 22. Tazama kalenda kabla hujanunua chochote.

Hatua ya 2: Shada

Hapa ndipo nilipopotezea saa nyingi, kwa hivyo nitakaa kidogo.

Shada la Majilio lina mishumaa minne, mitatu ya rangi ya zambarau na mmoja wa waridi. Mwaka wa kwanza nilizunguka mjini Jumamosi nzima nikitafuta mishumaa ya zambarau. Kila duka nililoingia lilikuwa na ile myeupe tu, ya kuweka akiba ya siku stima ikipotea. Nikarudi nyumbani, nikayeyusha myeupe hiyo pamoja na krayoni za mtoto, nikaimimina upya ndani ya vikopo. Rangi ilitoka nzuri sana. Nilipoiwasha, mwali ulikaa kidogo, ukafifia, ukazimika. Nikawasha tena, ikawa vilevile. Nilikesha mpaka saa nane za usiku nikibadilisha tambi na kumimina upya, nikidhani kosa ni langu katika kuzisimamisha. Kumbe rangi ya krayoni haiyeyuki sawasawa ndani ya nta. Chembechembe zake hupanda na utambi, zikauziba, nta ikawa haipandi tena kuulisha mwali. Usijaribu. Na hata ukipata rangi halisi ya mishumaa, nta iliyochemshwa moja kwa moja juu ya jiko hushika moto upesi, na nyumba zetu zina watoto.

Mwaka wa pili niliagiza mishumaa mirefu ya zambarau kutoka Mombasa. Joto la mchana likafanya kazi yake. Kufikia Jumapili ya tatu yote ilikuwa imeinama kama miche isiyotiwa maji. Shada lenyewe nilikuwa nimelisuka kwa matawi ya mvinje, kwa kuwa yanafanana na yale ya kwenye kadi za Krismasi, nayo yalikuwa yamekauka tangu wiki ya kwanza. Tuliketi barazani, chini ya makuti. Upepo ukapiga, mshumaa mmoja ukadondosha nta ya moto juu ya mvinje, na mwali ukapanda ghafla. Mama mkwe alikuwa na sufuria ya mchele aliokuwa ameuroweka. Akaumwaga wote pale mezani, na maji yake. Punje zilizoloa zilitapakaa mpaka sakafuni, moshi ukipanda katikati yake. Nilitazama juu, nikaona makuti yale, kavu, shibiri chache kutoka mwali ulipokuwa umefika. Tangu siku hiyo sina mjadala na mtu kuhusu mambo matatu: mshumaa mrefu, majani makavu, na kuwasha chini ya makuti. Washeni ndani, au uani penye anga.

Hivi ndivyo ninavyofanya sasa, na sijapata hitilafu tena.

Chukua sinia kubwa la chuma, si la plastiki. Lijaze mchanga wa pwani kiasi cha vidole viwili, uulowanishe kidogo. Tafuta chupa nne za jemu zenye mdomo mpana, zioshe, zikaushe kabisa, kisha tia ndani ya kila moja mchanga mkavu mpaka nusu. Chukua mishumaa ya kawaida myeupe, ikate vipande vifupi, usimamishe kimoja katika kila chupa. Mwali uwe chini ya mdomo wa chupa, la sivyo upepo utaufikia. Lakini usiuzamishe sana. Mshumaa uliozama ndani ya chupa nyembamba hukosa hewa ukafa, na watoto watakuuliza kama ni ishara mbaya. Kipande kifupi namna hiyo hata joto likizidi hakina pa kuinamia, mchanga umekishika kiunoni.

Sasa rangi. Funga utepe wa kitambaa cha zambarau kwa nje ya chupa, sehemu ya chini penye mchanga, mbali na mwali. Chupa tatu zambarau, moja waridi. Fundi cherehani yeyote atakupa vipande vilivyobaki, mimi yangu nilipewa bure. Karatasi usiitumie, na usifunge chochote karibu na mdomo.

Zipange chupa kwenye sinia, uzikite kidogo katika mchanga, kisha uzungushie majani kwa nje. Mwarobaini hunyauka siku ya tatu. Mvinje nimeshaeleza. Ninachokipenda mimi ni kuti changa la mnazi, lichanwe, lisukwe kama ukili wa mkeka, lizungushiwe kata, ile kata ya kubebea ndoo kichwani, ila ifungwe kubwa kwa upana wa sinia. Kuti hupoteza ukijani likawa la manjano, lakini halipukutiki, na ule mchanga wenye unyevu hulishikilia. Badilisha kila Jumamosi.

Mama mmoja wa jumuiya aliniuliza kama shada la makuti linakubalika, kwa kuwa vitabuni ameona misonobari. Nilimweleza shada hili lilivyoanza. Mwaka 1839, Hamburg, Ujerumani, mwanatheolojia wa Kilutheri Johann Hinrich Wichern alikuwa akilea watoto maskini, nao kila siku wakimuuliza Krismasi ni lini. Akachukua gurudumu la mkokoteni, akalitia mishumaa midogo ya siku za kazi na mikubwa minne ya Jumapili, wakawa wanawasha mmoja kila siku mpaka ifike. Alianza na alichokuwa nacho nyumbani. Kuti letu linakubalika.

Hatua ya 3: Achari

Ifanye Jumamosi ya kwanza, msimu wa maembe ukiwa umeanza. Embe bichi gumu, likatwe na ganda lake, lipakwe chumvi, lianikwe juani mpaka lisinyae, kisha pilipili, manjano na siki. Kijiko kikavu daima. Watoto wageuze vipande kila siku. Achari ya Krismasi ikitengenezwa tarehe 23 ni embe lenye chumvi tu.

Hatua ya 4: Jioni yenyewe

Sisi tunaanza adhana ya magharibi ikiisha. Msikiti uko nyuma ya nyumba, na watoto wameizoea kuwa ndiyo saa yetu: jirani akielekea kusali, nasi tunazima runinga. Simu zinakaa jikoni.

Wiki ya kwanza unawashwa mmoja wa zambarau, ya pili miwili, ya tatu unaongezwa wa waridi, ya nne yote. Mtoto mdogo kuliko wote ndiye mwashaji wa wiki ya kwanza, kisha mnapanda kwa umri. Kipande cha wiki ya kwanza kitakwisha mapema, kwa kuwa kinawashwa wiki zote nne. Weka akiba.

Somo liwe fupi. Tunaanza na Isaya 9, na nakushauri ulihifadhi kwa jioni ya kwanza ambayo stima imepotea, kwa kuwa linazungumzia watu waliokuwa gizani. Wiki ya pili Isaya 40, ya nne Luka 1, Malaika Gabrieli kwa Maria. Kisha kila mmoja ataje jambo moja alilolingoja siku hiyo. Mwanangu wa pili jioni moja alisema amengoja baba arudi na viatu visivyonuka vitunguu. Baba yake alikuwepo. Alinyamaza, kesho yake akaoga kazini kabla ya kuja.

Jumapili ya tatu ni ya furaha, hata padre huweza kuvaa waridi. Siku hiyo nazungushia shada asumini mbichi. Wakati mwali umezimwa na chumba kiko giza, harufu ya asumini inachanganyika na ile ya utambi, na hiyo ndiyo harufu ya Majilio kwa watoto wangu.

Hatua ya 5: Pango

Pango ni mfano wa mahali alipozaliwa Yesu. Usinunue sanamu zake kabla hujawapa watoto udongo wa mfinyanzi. Mtakatifu Fransisko wa Asizi alipoandaa pango lake kule Greccio, Italia, mwaka 1223, alitaka hori lenye nyasi, ng'ombe na punda, watu waone kwa macho umaskini aliozaliwa nao Mtoto Yesu. Punda tunawajua. Mimi nimelelewa Lamu, na binti yangu alipomfinyanga punda wake alimtia shogi mbili mgongoni, ile mifuko ya kubebea mizigo, na ndani ya shogi vijiwe, kama wale wanaobeba mawe ya kujengea.

Hori ni kifuu cha nazi kilichopasuliwa katikati, kitupu. Karibu yake weka fungu la usumba, zile nyuzi za ganda la nje la nazi. Kila mtu akitenda wema bila kuambiwa, anachomoa uzi mmoja wa usumba anaulaza ndani ya kifuu. Anautia kimya kimya na haulizwi alifanya nini. Mzazi akianza kuuliza, watoto wataanza kutenda ili wasifiwe. Kufikia tarehe 24 kitanda kiwe laini. Mwaka jana mama mkwe, ambaye magoti yake yanamuuma, nilimkuta alfajiri ameinama pangoni akiweka uzi wake.

Mtoto Yesu asionekane mpaka usiku wa tarehe 24. Mfiche juu ya kabati.

Hatua ya 6: Mti

Tawi moja la mvinje, kwa idhini ya mwenye shamba, ndani ya ndoo ya mchanga uliolowa. Lisiingie nyumbani kabla ya tarehe 20, na mshumaa usilikaribie. Mti wa plastiki sina haja nao.

Hatua ya 7: Sahani za majirani

Hili ulipange mapema. Idi hatukosi sahani kutoka kwa majirani, na sahani hairudishwi tupu. Ili nao wale chetu kwa moyo mweupe, kuku wote tunamwomba jirani Mwislamu atuchinjie, na pilau inapikwa katika sufuria ambayo haijawahi kuingia nguruwe. Mwambie siku tatu kabla, si asubuhi ile ile. Sisi tunachinja tarehe 24 saa nne, tunapika mahamri mchana, na watoto wanapeleka sahani jioni, kila sahani na kibakuli cha achari.

Hatua ya 8: Usiku wa tarehe 24

Mishumaa yote minne inawashwa mara ya mwisho. Yule mdogo aliyewasha wiki ya kwanza ndiye anayemlaza Mtoto Yesu katika kifuu, na hatumlazi mpaka baba awepo. Mwaka jana zamu yake iliisha saa sita na nusu usiku. Tulikuwa tumerudi kutoka misa ya mkesha, watoto wamelala mkekani na nguo zao za kanisani. Aliingia, akavua viatu mlangoni, akamwamsha mdogo taratibu na kumbeba mpaka pangoni. Mtoto akaupapasa usumba kwanza kwa kidole kuona kama unatosha.