Kuanza Kazi ya Uhandisi Katika Kiwanda cha Kuchambua Pamba Mkoani Tabora

Mhandisi aliyepata ajira katika kiwanda kikubwa cha kuchambua pamba, kama vile vilivyopo upande wa Igunga na Nzega, aanze na mkataba kabla hajafikiria mitambo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri amkabidhi mwajiriwa maelezo ya maandishi yanayotaja kazi yenyewe, mahali pa kazi, saa na ujira. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, na saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Lakini masharti hayo ya saa hayamhusu mtu anayesimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na kuwajibika moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Kwa kuwa wahandisi wengi huangukia mpakani mwa makundi hayo mawili, na kwa kuwa msimu wa pamba huendesha kiwanda usiku na mchana, uliza mapema umewekwa kundi lipi, tena upate jibu kwa maandishi. Aliyetoka chuoni karibuni aulize pia kama kiwandani yupo mhandisi aliyesajiliwa atakayemsimamia, maana Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango wa mafunzo ya vitendo ya miaka mitatu kwa wahitimu, na mafunzo yasiyo na msimamizi anayekubalika hayatakusogeza kwenye usajili.

Ukiruhusiwa kuchagua tarehe ya kuripoti, ripoti kabla ya msimu. Ununuzi wa pamba kwa kawaida hufunguliwa mwezi Mei, na miezi inayotangulia ndiyo ya matengenezo: rola zinazotenganisha nyuzi na mbegu zimeshushwa, vifuniko vimetolewa, beringi zinazobeba shafti zinaonekana, na mafundi wana nafasi ya kueleza. Anayeingia katikati ya msimu hukuta kelele, vumbi na foleni ya malori ya pamba mbegu, yaani pamba isiyochambuliwa bado, getini, na maswali yake yote hujibiwa kwa haraka.

Wiki za mwanzo usibadilishe chochote. Ushauri huu huwakera vijana wenye shahada nzuri, lakini una sababu ya kihandisi kabisa. Mtambo uliofanya kazi miaka mingi haufanani tena na mchoro wake. Umerekebishwa mara nyingi, na sababu za marekebisho hayo zimo vichwani mwa mafundi. Tuseme umeona puli ya feni inayovuta pamba ni tofauti na ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha mtambo. Mwendee fundi wa zamu aliye mkubwa kwako kwa umri, umwamkie shikamoo ipasavyo, kisha uulize: “Mzee, naona puli hii si ya kipimo cha kwenye mchoro. Ilibadilishwa kwa sababu gani?” Huenda akakujibu: “Injinia, tulipunguza kasi kwa sababu mota ilikuwa inachemka.” Jibu hilo fupi lina hesabu kamili ndani yake. Nguvu inayodaiwa na feni hupanda kwa mchemraba wa kasi, yaani kasi ikizidishwa yenyewe mara tatu, kwa hiyo ukirudisha puli ya zamani na kuongeza kasi kwa asilimia 10 tu, mota itadaiwa nguvu zaidi kwa asilimia 33 hivi. Fundi hakuiandika kanuni hiyo popote, ila aliitii. Neno “Mzee” nalo si la kubembeleza. Mtu aliyeheshimiwa hukuonyesha na yale ambayo hukuyauliza.

Wakati huohuo andaa daftari la mitambo. Pita kwenye kila mota ukinakili kibao chake: kilowati, volti, ampia na mizunguko kwa dakika. Mtambo ukiwa na mzigo, pima ampia halisi kwa klampu mita, kipimo kinachobanwa kuzunguka waya, na uziandike pembeni. Mota inayovuta karibu na kiwango cha kibao chake siku ya kawaida haitakuwa na akiba siku ambayo pamba imekuja na unyevu. Nakili na namba za beringi. Katika beringi za kawaida za gololi, tarakimu mbili za mwisho kuanzia 04, ukizizidisha kwa 5, hukupa kipenyo cha tundu kwa milimita: 6205 huingia kwenye shafti ya milimita 25, na 6308 kwenye ya milimita 40. Kisha ingia stoo na daftari lako ulinganishe. Kwa maoni yangu stoo ni muhimu kuliko kabati la michoro, kwa sababu Tabora iko zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam, na beringi isiyokuwepo rafuni inaweza kulaza zamu nzima huku wakulima wakisubiri.

Kuhusu usalama usione haya kuonekana mwoga. Kuzima swichi hakutoshi: mitambo hii huendelea kuzunguka kwa muda baada ya umeme kukatwa, na aliye kwenye chumba cha swichi hamwoni aliyeingiza mkono upande wa pili. Nunua kufuli lako mwenyewe, lifunge kwenye swichi kuu, utundike kibao chenye jina lako, jaribu kuwasha ili uhakikishe haiwaki, na ufunguo ukae mfukoni mwako mpaka utoke. Hofu ya pili ni moto. Cheche moja kutoka kwenye msumari ulioingia na pamba inaweza kujificha ndani ya robota, yaani furushi la nyuzi lililoshindiliwa, na kufuka polepole kwa siku kadhaa kabla ya kuwaka ghalani. Robota lolote lililofungwa karibu na wakati wa tukio la moto litengwe nje, mbali na mengine, na lichunguzwe. Kuchomelea karibu na nyuzi kufanyike kwa kibali cha maandishi tu, na mtu mwenye maji abaki pale hata baada ya kazi kwisha.

Bili ya umeme omba uione. Wateja wakubwa wa TANESCO hulipia pia kilele cha mahitaji kwa kVA, kipimo cha umeme wote unaovutwa kwa wakati mmoja. Kapasita ndizo hupunguza kVA hizo, hivyo zilizokufa kwenye ubao wa umeme hugharimu fedha kila mwezi bila mtu kuzisikia.

Kufikia mwezi wako wa tatu kazini utakuwa na la kusema, nalo liwe moja, lenye vipimo na gharama. Mara nyingi pendekezo bora la kwanza ni orodha ya vipuri vya msimu ujao, iliyotokana na daftari lako na kusainiwa pia na fundi mkuu. Vipuri vinavyoagizwa nje ya nchi hupita bandarini na kusafiri hadi Tabora, kwa hiyo orodha hiyo iwe mezani kwa meneja mapema Januari, malori ya kwanza yakiwa bado miezi minne.