Neno Haus limetoka wapi? Namna ya kulisaka kwa penseli

Mpwa wangu anasoma Kijerumani Iringa. Likizo alikuja kwangu Tukuyu, mvua haikatiki, tukawa tunaota moto jikoni. Akauliza, "Mjomba, hili neno Haus, nyumba, asili yake nini?" Nikampa daftari na penseli. Kazi hii usiifanye kwa kalamu ya wino.

Anza kwa kukusanya ndugu: Kijerumani Haus, Kiholanzi huis, Kiingereza house, Kiswidi hus. Kutokana na hao, wataalamu wamemuunda upya babu yao: *hūsą. Hiyo nyota ya mbele inasema hakuna aliyelikuta limeandikwa. Limekokotolewa tu.

Ukitoka nje ya ukoo huu wa lugha, kufanana peke yake hudanganya. Tafuta sauti zinazobadilika kwa mpangilio. Huku kwetu mfano hauko mbali: Mswahili akisema mtu na kitu, Mnyakyusa anasema umundu na ikindu. Penye t huku, kule ni nd, mara zote mbili. Huo ndio ushahidi. Kwa ukoo wa Kijerumani, Jacob Grimm, mtaalamu wa lugha Mjerumani, alionyesha mwaka 1822 kwamba k ya kale iligeuka h: Kilatini cornu (c husomwa k), pembe, Kiingereza horn.

Mpwa akarukia, "Basi ni casa ya Kilatini!" Casa ni kibanda, na kweli k na h zinakubali. Sasa tazama irabu: a fupi huku, u ndefu kule. Hazipatani. Futa. (Mimi mwenyewe niliwahi kuing'ang'ania casa wiki nzima.)

Kisha fungua maandishi ya kale. Katika Biblia ya Kigothi, lugha ya ukoo huohuo iliyokwisha kufa, ya karne ya 4, nyumba ni razn. Neno hus limejificha ndani ya gudhus tu, nyumba ya Mungu, Yohana 18:20.

Inabaki dhana ya shina la kale lenye maana ya kufunika, ambalo wengi hulihusisha pia na hide ya Kiingereza, kuficha. Maana inaingia, nyumba si inafunika? Lakini maana ya kupendeza haikosekani kamwe, na nje ya ukoo wake neno hili halina ndugu wa uhakika. Hapo weka alama ya kuuliza.

Mpwa hakufurahi. Aliandika "kufunika?", akageuza ukurasa, akaandika Hand, mkono. Nikacheka. Hilo nalo kesi yake ni ileile.