Somo: Kumwandaa mtu wa kawaida kumsaidia aliyezidiwa na msukosuko wa akili

Somo hili ni la anayetaka kufundisha majirani au wafanyakazi wenzake. Hatutengenezi madaktari. Tunataka mtu wa kwanza kufika ajue la kufanya. Nchini Australia, Betty Kitchener na Tony Jorm walianzisha kozi ya huduma ya kwanza ya afya ya akili mwaka 2000. Nchini Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi 14 wa Mbare, Harare, wakiwasikiliza watu kwenye benchi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa, baada ya miezi sita, waliohudumiwa hivyo walikuwa na dalili chache za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Hatua ya 1: Chagua watu. Watafute wale ambao tayari watu huwapelekea siri zao. Asiyeweza kutunza siri asiingie, hata awe na shahada.

Hatua ya 2: Fundisha dalili. Kujitenga, kukosa usingizi, kuzidisha pombe, kugawa vitu anavyovithamini, kusema "nimekuwa mzigo kwenu". Cha kuangalia ni mabadiliko: huyu hakuwa hivi mwezi uliopita.

Hatua ya 3: Fanyeni mazoezi ya kuuliza. Hapa ndipo muda mwingi utumike. Swali ni hili: "Je, unafikiria kujiua?" Wengi huogopa kwamba kuuliza kunampandikizia mtu wazo. Tafiti hazijaona hivyo, na wengi wanaoulizwa hupata nafuu kwa sababu hatimaye kuna wa kumwambia.

Wagawe wawili wawili, kila mmoja alitamke swali kwa sauti. Mara ya kwanza utawasikia wakisema, "Lakini huwezi kufanya jambo baya, sivyo?" Swali hilo linaomba jibu la "hapana", na aliyezidiwa atakupa hilo hilo unaloliomba. Warudishe, waulize tena mpaka sauti isitetemeke. Kisha wafundishe kunyamaza baada ya kuuliza. Kimya hicho ni kigumu kuliko swali lenyewe.

Akijibu "ndiyo", msaidizi amuulize: una mpango? Una cha kutumia karibu nawe? Umewahi kujaribu? Mwenye mpango haachwi peke yake hata kidogo. Vitu vya hatari viondolewe, na huduma ya dharura iitwe.

Hatua ya 4: Kusikiliza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 unataja mambo matatu: angalia, sikiliza, unganisha. Pigeni marufuku "jikaze" na "wenzako wana shida kubwa zaidi". Maneno hayo hufunga mlango, hata yakisemwa kwa upendo.

Hatua ya 5: Kuunganisha. Namba za simu na mahali pa huduma ziandikwe kabla ya mafunzo kuanza. Kumwambia mtu "nenda hospitali" hakutoshi. Piga simu kwenye huduma hiyo yeye akiwa hapo, au mwende pamoja.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, akinisihi nisimwambie mtu yeyote?*
Usiahidi. Mwambie mapema, ndugu yangu: "Nitatunza siri yako, ila maisha yako yakiwa hatarini nitatafuta msaada, na nitakwambia kwanza." Anaweza kukasirika. Vumilia hasira hiyo.

*Dada yangu anasikia sauti na anasema tunafuatiliwa. Nikubali au nikatae?*
Pole sana. Usifanye lolote kati ya hayo. Ukibishana naye atakuona uko upande wa adui, na ukikubali unamzidishia hofu. Shika hisia yake: "Naona unaogopa, niko hapa." Ongea polepole, punguzeni kelele na watu, usimzibie njia ya kutokea. Mpelekeni kwa mtaalamu mapema, hata kama leo ametulia.

*Siku moja inatosha?*
Inatosha kuanza. Mazoezi ya kuuliza yarudiwe kila baada ya miezi michache, kwa sababu ujasiri hupotea usipotumika.

*Na sisi wasaidizi, nani anatusikiliza?*
Swali zuri, na vikundi vingi hulisahau. Wekeni kikao cha mara kwa mara cha wasaidizi peke yao, pamoja na mtaalamu mmoja wa kumpigia simu baada ya tukio zito. Aliyechoka apumzishwe, asiombwe kueleza sababu.