Kabla ya Kukimbia kwa Jina la Marehemu

Dada yetu alifariki saa chache baada ya kujifungua. Damu ilimtoka isikatike. Mwaka wa pili wa msiba huo, ndugu saba tuliamua kukimbia kilomita 21 kwenye Kilimanjaro Marathon pale Moshi na kuchangisha fedha kwa jina lake. Mwaka uliofuata watatu kati yetu tukapanda mlima kwa nia hiyohiyo. Tangu hapo watu hunipigia simu kuuliza wajiandae vipi, na wengi huanza na habari ya viatu. Mimi huwarudisha nyuma kidogo, maana sehemu kubwa ya maandalizi haya hufanyika sebuleni kwa wafiwa.

Basi kaeni kwanza na wenye msiba. Mzazi, mjane au mgane, watoto kama wameshakua, na yule mzee ambaye bila neno lake jambo la ukoo haliendi. Waulizeni kama wanaridhia jina litumike, litumike wapi, na kwa picha ipi. Sisi hatukuuliza kuhusu picha. Tulichapisha fulana arobaini zenye sura ya dada akiwa mjamzito, anacheka, picha tuliyoipenda sote. Mama alipofunuliwa boksi aliitazama ya juu, akaikunja vizuri kama ilivyokuwa, akaingia chumbani akafunga mlango. Fulana zile hazikuvaliwa. Tulichapisha nyingine zenye jina tu, kwa fedha zetu, na tulistahili hasara hiyo.

Jina likishatoka nje, kila mtu hulitaka. Atakuja mfanyabiashara anayetaka nembo yake iwe kubwa kuliko jina la marehemu, na mgombea anayetaka kukabidhi hundi mbele ya kamera. Amueni mapema mtakubali nini na mtakataa nini. Mfano ninaoupenda ni wa Terry Fox, kijana wa Kanada aliyekatwa mguu kwa saratani ya mfupa, na Aprili 1980 akaanza kukimbia kuivuka nchi yake kwa mguu wa bandia ili kuchangia utafiti wa ugonjwa huo. Alifariki Juni 1981. Mbio za kumkumbuka zilianza Septemba mwaka huohuo, hazina mshindi, na familia yake imelilinda jina lake lisiwe tangazo la biashara ya mtu. Huo ni ulinzi unaowezekana hata kwa ukoo mdogo wa kijijini, mradi mkubaliane kabla ya fedha ya kwanza kuingia.

Halafu lengo. Ni vizuri lizaliwe na msiba wenyewe. Mwanariadha wa Kenya, Agnes Tirop, alipouawa kule Iten Oktoba 2021, wenzake na ndugu zake walianzisha Tirop's Angels kupambana na ukatili wa kijinsia, na hakuna anayehitaji kuuliza kwa nini walichagua kazi hiyo. Lakini kufanana na msiba hakutoshi. Nendeni mkaone mahali fedha inapokwenda. Sisi tulikuwa tumeshatangaza kitanda cha kujifungulia kwa ajili ya zahanati. Tulipofika, nesi alitushukuru, kisha akasema vitanda anavyo viwili. Akatuonyesha anavyofanya umeme ukikatika usiku: akaibana simu kwa meno, tochi ikiwaka, mikono yote miwili ikiwa huru. Tukageuza tangazo siku hiyohiyo. Ikawa taa za sola na mashine ya kupima presha. Nendeni mkaulize kabla hamjaandika kadi hata moja ya mchango.

Sasa fedha, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo undugu huvunjika. Usichangishe kwenye laini ya mtu binafsi. Mwaka wa kwanza tuliweka namba ya shemeji, mtu mwaminifu kuliko sote. Akaibiwa simu kwenye daladala. Fedha ilikuwa salama, lakini kwa siku mbili hakuna aliyeweza kusema ni kiasi gani kilikuwa cha mfuko na kipi kilikuwa karo ya watoto wake, na kwa siku mbili hizo shemeji alishindwa kula. Fungueni akaunti ya benki au namba ya kikundi ambayo fedha haitoki bila watu wawili au watatu kuidhinisha, na mmoja wao asiwe wa ukoo wenu.

Kama ni jambo la mara moja, ushauri wangu ni kutafuta taasisi iliyokwisha kusajiliwa, hospitali au shirika, mpate barua yake ya kukubali, na michango iingie kwake moja kwa moja. Kama mnataka kitu cha kudumu, kwa Tanzania kuna kusajili shirika chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, au bodi ya wadhamini kupitia RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Njia hizi zina kazi: katiba, taarifa za kila mwaka, vikao. Familia iliyochoka na msiba isijibebeshe mzigo huo kwa pupa. Kwa vyovyote, piteni kwa mtendaji wa kata na ofisi ya maendeleo ya jamii mueleze mnachotaka kufanya, muulize kibali gani kinahitajika.

Gharama zenu zilipeni wenyewe. Ada ya kushiriki, nauli, malazi Moshi, gharama zote za hifadhi mkipanda mlima, visitoke kwenye michango. Kupanda Kilimanjaro ni ghali, na mchangiaji aliyetoa shilingi 500 akijua kwamba zilikupeleka wewe kileleni hatakuchangia tena, na ana haki. Mhazini wetu, shangazi, aliandika kila mchango kwenye kaunta buku, hata wa muuza ndizi wa stendi aliyetoa shilingi 500 akakataa kutaja jina. Aliandika hivyo: «muuza ndizi, stendi». Ahadi aliziandika kwa kalamu nyekundu, ukurasa wa peke yake, ili zisihesabiwe kama fedha iliyopo.

Ndipo tuje mwilini. Pimeni afya kabla ya mazoezi: presha, sukari, moyo. Mwenye selimundu asipande mlima mrefu. Kwa kilomita 21, asiyezoea kukimbia ajipe miezi minne na aongeze umbali polepole wiki hadi wiki. Njia ya Moshi hupanda kuelekea Mweka kabla ya kurudi mteremko, kwa hiyo aliyefanya mazoezi ufukweni Dar pekee ataumia mapema, tafuteni kilima. Kunyweni mnapohisi kiu, na chumvichumvi iwemo. Maji matupu kupita kiasi nayo hudhuru. Viatu viwe mlivyokwisha kuvizoea. Hilo linatosha kuhusu viatu.

Mlima ni habari nyingine. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895, na hewa ya oksijeni pale ni kama nusu ya ile ya pwani. Mazoezi hayakukingi na ugonjwa wa mwinuko. Kinachosaidia ni muda. Kwa njia ya Marangu, lipieni siku ya ziada ya kukaa kambi ya Horombo, mita 3,720, kabla ya kwenda Kibo, kambi ya mwisho kabla ya kilele. Chagueni kampuni inayowalipa vizuri wagumu wanaobeba mizigo, isiyowabebesha zaidi ya kilo 20, na yenye mahema na chakula cha kuwatosha. Hamwezi kuchangisha kwa ajili ya uhai wa watu huku mwingine anatetemeka kwa baridi chini ya mzigo wenu.

Jambo ambalo naliomba kwa moyo wote ni hili: msiufunge mchango na kilele. Mtu anayepanda kwa jina la aliyempenda hubeba deni kichwani. Kichwa kinagonga, anatapika, hatua zinapepesuka, na bado anawaza, nimewaahidi watu, nimemwahidi yeye. Dalili hizo zina dawa moja ya uhakika, nayo ni kushuka, na kuchelewa huua. Mdogo wangu tulimrudisha kutoka juu kidogo ya Kibo, saa nane usiku, analia kwamba amemwangusha dada. Ingekuwa rahisi kwake kama tungewaandikia wachangiaji tangu mwanzo: fedha hii inakwenda zahanati hata tukiishia njiani, na muongoza njia akisema shuka, tutashuka. Iandikeni kwenye kadi, na kila anayepanda aisaini. Terry Fox mwenyewe hakuifikia bahari ya upande wa pili. Alikimbia siku 143, kilomita 5,373, akasimama karibu na Thunder Bay kwa sababu saratani ilikuwa imefika mapafuni. Michango haikusimama naye. Kufikia Februari 1981 ilikuwa imepita dola milioni 24, dola moja kwa kila Mkanada kama alivyoomba.

La mwisho pangeni tarehe ya kutoa hesabu, na itangazwe kabla ya mbio, ndani ya siku thelathini kama mnaweza. Muonyeshe kilichoingia, kilichonunuliwa, risiti, na ahadi ambazo hazijalipwa bila kumuaibisha mtu. Sisi hesabu tuliisomea pale zahanati, shangazi na kaunta buku lake, akianza na muuza ndizi. Nesi akawasha taa mchana kweupe ili kila mtu aione. Mama aliitazama muda mrefu, kisha akaomba izimwe, chaji isije ikaisha kabla ya usiku.